Kidole cha Uledi

Kwa miaka mingi Tunduma iliwaita Wazika-watu, wala haikuwa sifa. Jina lao halali lilikuwa refu, limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye kibao juu ya mlango: Kanisa la Pentekoste la Mavuno Mapya, Tawi la Tunduma. Lakini ungemwuliza mwenye gesti yeyote kando ya barabara ya kwenda Zambia, angekuambia, "Ah, wale wazika-watu? Shuka hapo kwenye karakana ya mbao." Na siku mgeni asiyejulikana kwao alipofia chumbani kwake, mwenye gesti huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kupiga hodi.

Ilianza na familia moja. Yesaya, fundi seremala, aliteremka kutoka milima ya Ileje mwaka 1986, biashara zilipoanza kufunguka na kila mwenye miguu akakimbilia mpakani. Alikuja na randa, misumeno miwili, mkewe Roda na binti yao Gwantwa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Kusema kweli, aliyelianzisha kanisa ni Roda. Ndiye aliyemwombea jirani aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani, akamwombea palepale kwenye maranda ya mbao kwa sauti iliyosikika hadi kwenye geti la forodha. Jirani akainuka, na watu wakaanza kuja. Lakini cheo cha uchungaji kilipofika kilipita mbele ya Roda bila hata kumwamkia, kikaenda kumkalia Yesaya.

Serikali ilipodai usajili, wakajiunga na Umoja wa Mavuno Mapya wenye makao Mbeya. Umoja ukawapa kibao, cheti cha kutundika ukutani, na fomu ya kujaza kila mwezi: wangapi wameokoka.

Kuzika kulikuja kwa bahati tu. Mwaka 1990 mama mmoja mwuza vitenge kutoka ng'ambo alifia gesti, na watu wakakaa mbali kana kwamba kifo kinarukia. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja jina, na kila aliyekonda alihesabiwa kuwa nao. Yesaya hakuwa na mbao siku hiyo. Akaingia kanisani, akang'oa mabenchi mawili, akatengeneza jeneza. Toka hapo ikawa desturi: mtu asiye na mwenyewe akifa na mbao hazipo, mabenchi yapo. Kufikia mwaka 1996 nusu ya waumini walisali wamesimama, na mahubiri ya Yesaya yalikuwa yamefupika kuliko ya mchungaji yeyote mjini. Wapo walioona hiyo ndiyo baraka kubwa zaidi ya huduma ile.

Aliyeosha maiti mwanzoni alikuwa Roda. Mgongo ulipomkatalia, kazi ikamwangukia Gwantwa, naye ana miaka kumi na minane. Akaosha wanawake na wanaume, maana mwanamume wa kuosha wanaume hakupatikana, hata kanisani, hata baada ya kufunga na kuomba siku tatu. Kazi hiyo ilimkosesha mchumba. Kijana wa Isansa alikuwa ameshapeleka barua, kisha mama yake akasema hawezi kula ugali uliopikwa kwa mikono ile. Gwantwa aliumia, akalia siku mbili, ya tatu akatuma jibu: "Basi akapikiwe na mikono mingine." Mambo yakaishia hapo.

Aprili ya mwaka 1996 ndipo alipoletwa Uledi.

Alikuwa dereva wa lori, mtu mzima wa miaka kama hamsini. Alishikwa na homa kali wakati lori likisubiri kuvuka. Mwenzake akangoja siku moja, kisha mwenye gari akaagiza mzigo uende, na mzigo ukaenda. Uledi akabaki gesti siku nne akitapika peke yake. Siku ya nne mwenye gesti akaja karakanani, kofia mkononi. Yesaya na Gwantwa wakampakia kwenye mkokoteni wa mbao, wakamleta, wakamlaza chumba cha nyuma.

Aliishi siku mbili tu, na maneno hayakuzidi kumi. Jina lake alilitaja. Mtu wa pwani au wa Tabora angelisikia jina lile angejua wa kumwita. Kwa watu wa milima ya Ileje, waliokulia kanisani na kwenye shule za kanisa, lilikuwa jina la mtu wa mbali, basi. Mchana wa siku ya pili, pumzi zikimwishia, Yesaya alipiga magoti upande mmoja wa kitanda na Gwantwa upande mwingine. Yesaya akamwuliza, "Ndugu yangu, unampokea Yesu awe Bwana na mwokozi wako? Kama unampokea, inua mkono."

Uledi hakumtazama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, na kidole kimoja cha mkono ule kikainuka, kikasimama wima, kikabaki hivyo mpaka roho ikatoka.

"Haleluya," Yesaya akasema, machozi yanamtoka. "Ameokoka."

Kidole kile Kiswahili chenyewe hukiita kidole cha shahada, na Yesaya alikuwa amekiita hivyo maisha yake yote bila kujiuliza kwa nini. Gwantwa naye vilevile. Akamwosha marehemu kwa heshima zote. Kwenye paji la uso akakuta doa jeusi, gumu kidogo, akadhani ni oili ya gari. Akachukua sabuni na kipande cha dodoki akasugua, akaongeza sabuni, akasugua tena. Halikutoka. Wakamzika kwa nyimbo na ngoma kwenye uwanja wa makaburi wa kanisa, upande wa pili wa barabara, chini ya msalaba wa mninga ambao Yesaya alichonga kwa mkono wake: NDUGU ULEDI, AMELALA KATIKA BWANA. Kwenye fomu ya Aprili, Yesaya akaandika: mmoja.

Siku tisa baadaye alifika Sabra, dada wa marehemu. Alikuwa ametoka Tabora baada ya mwenzake Uledi wa lori kumpelekea habari kwamba amemwacha mgonjwa, siku nne njiani, mtandio wake umegeuka rangi ya vumbi. Gwantwa alimkaribisha, akampa maji, akampeleka makaburini. Sabra akausoma ule msalaba. Akausoma mara ya pili. Kisha akakaa chini kwenye udongo, hakuchagua hata mahali.

"Kaka yangu ni Mwislamu," akasema.

Gwantwa akamwinamia. "Hatukujua, dada."

"Hamkuuliza."

Gwantwa akaketi naye kwenye udongo.

"Nani alikuwepo akikata roho?"

"Mimi na baba yangu."

"Nieleze. Usinifiche kitu."

Gwantwa akaeleza: homa, siku mbili, swali la baba yake, midomo iliyokuwa inacheza, kidole.

"Mkono au kidole?" Sabra akauliza upesi.

"Kidole. Hiki hapa."

Sabra akakishika kidole cha Gwantwa, akakibana sana, akaanza kulia na kusema maneno ambayo Gwantwa hakuyaelewa. Alipotulia alimweleza, kwa upole kama anavyoelezwa mtoto: Mwislamu akifa, likiwezekana, neno lake la mwisho huwa ni kumshuhudia Mungu mmoja, na asiyeweza kulitamka kwa sauti hulitamka kwa kidole. Uledi alikuwa amekufa vizuri. Alikuwa amekufa vizuri kuliko wengi waliofia majumbani kwao.

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Wewe? Mwanamke?"

"Hakukuwa na mwanamume aliyekubali kumgusa." Gwantwa angeweza kuishia hapo, lakini alikuwa ameambiwa asifiche. "Alikuwa na doa kwenye paji. Nilidhani ni oili. Nililisugua sana."

Sabra alimkazia macho. "Likatoka?"

"Halikutoka."

"Lingetokaje! Miaka thelathini ya kusujudu, wewe unataka kuitoa kwa sabuni?" Ikawa si kicheko wala si kilio, ikawa vyote. Halafu akajifuta uso na kusimama. "Sikiliza, mdogo wangu. Mlichomfanyia kaka yangu, Mungu atawalipa. Simfukui, amepumzika. Lakini msalaba huu ung'oeni, na Waislamu wenzake waje wamswalie hapa kaburini. Sitaki kingine. Sirudi Tabora mpaka hilo lifanyike."

Gwantwa alimwendea baba yake karakanani. Yesaya alikuwa anapiga randa, na hakuacha.

"Baba, hakuinua mkono. Kilikuwa kidole, na kidole kile kina maana kwao."

"Kidole kiko wapi, Gwantwa? Si kiko mkononi?"

"Baba."

"Yule ni nafsi iliyookoka! Nimeshaipeleka kwenye fomu." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Unajua Umoja wanasemaje kuhusu sisi? Wanasema tawi la Tunduma linazika kuliko linavyookoa. Mwezi wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, wa tatu sifuri. Nikiwaandikia kwamba hata huyu mmoja nimekosea, watatufuta. Kibao, cheti, vyote. Miaka kumi, mwanangu."

Roda alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. "Afadhali kufutwa na Umoja," akasema bila kuinua uso, "kuliko kumweka mtu chini ya uongo mpaka siku ya kiyama."

"Mama Gwantwa, haya ni mambo ya uchungaji."

"Nayajua. Nilikuwa nayafanya kabla hujapewa."

Yesaya akarudi kwenye randa yake.

Habari haikungoja. Sabra alipokwenda msikitini, mzee Zahoro, mwenye duka la vipuri vya malori, akasema Ijumaa baada ya swala wataenda kaburini. Na huko Mbeya nako ikafika. Alhamisi akateremka Mwangalizi Fanueli, kiongozi wa Umoja, na wachungaji watatu, suti zao zikiwa na kola safi licha ya barabara. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, na aliijua.

"Mchungaji Yesaya," akasema mbele ya familia nzima, "mtu huyu aliinua mkono akampokea Kristo. Umeandika mwenyewe. Kumtoa kwa watu wa dini nyingine ni kumkana Bwana. Kesho lango lifungwe. Likifunguliwa, hili si tawi letu tena. Kibao kinashuka, na mkikusanyika bila usajili, serikali ipo." Akamgeukia Gwantwa. "Nasikia kuna mtoto anasema hakuinua mkono."

"Nina miaka ishirini na miwili, Mwangalizi," Gwantwa akasema.

"Basi una umri wa kutosha kumheshimu baba yako. Ukisimama kesho kusema umejua zaidi ya mchungaji, utakuwa umemwita mwongo mbele ya mji mzima. Fikiria."

Alifikiria. Alimpenda baba yake. Alikuwa amemwona akilala bila godoro ili mgonjwa alalie, amemwona aking'oa benchi alilokalia yeye mwenyewe. Hakuna kitu kilichomuuma kama kujua kwamba mtu mwema namna ile angeweza kuvunjwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa mdomoni mwake.

Ijumaa, jua likiwa utosini, mzee Zahoro alikuja na watu kama arobaini, kanzu na kofia, Sabra na wanawake wachache nyuma yao. Fanueli na wenzake walikuwa wamesimama langoni, kwenye ua wa minyaa. Waumini wa kanisa wamejaa pembeni. Madereva waliokuwa kwenye foleni ya mpakani wakaacha magari yao kuja kuona nani atampiga nani. Yesaya alisimama kando, mikono imening'inia.

"Hapa amelala Mkristo," Fanueli akasema kwa ile sauti yake. "Aliokoka mbele ya mchungaji wetu. Rudini kwa amani."

"Hakuokoka," Gwantwa akasema.

Hakuwa amepanga kusema kwa nguvu, lakini ilitoka kwa sauti ya mama yake, na foleni nzima ikasikia.

"Nilikuwepo. Baba alimwambia ainue mkono. Hakuinua. Aliinua kidole hiki, midomo inacheza, akafa. Alikuwa anamshuhudia Mungu kwa namna ya dini yake. Sisi hatukujua, tukamsimikia msalaba. Tumekosea."

"Kama hukujua, nyamaza!" Fanueli akafoka.

"Wakati ule sikujua. Sasa najua. Ndiyo maana sinyamazi."

Mzee Zahoro akainua mikono. "Alhamdulillahi. Binti amesema haki."

"Usinishukuru, mzee wangu." Gwantwa alimgeukia, na hasira yake haikupungua hata kidogo. "Ndugu yenu alilala siku nne gesti, hatua mia mbili kutoka msikitini. Mwenye gesti alifika kwenu kabla ya kufika kwetu, ametuambia mwenyewe. Leo mko arobaini. Siku ile mlikuwa wangapi?"

Watu wa kanzu wakatazama chini. Zahoro akasema, "Tuliogopa, binti yangu. Tuliogopa ule ugonjwa."

"Hata mimi niliogopa," Gwantwa akasema, akampita Fanueli begani, akaingia.

Msalaba ule ulikuwa umechimbiwa na fundi asiyefanya kazi ya kulipua. Aliutikisa, haukutikisika. Akaukumbatia, akavuta, viganja vikachubuka. Mtu akapiga kelele kwamba binti wa mchungaji anang'oa msalaba, na mama mmoja wa kanisa akaanza kukemea pepo. Hapo Roda, ambaye mgongo wake ulikuwa haumruhusu kuinua hata ndoo, alipita langoni kwa hatua zake fupi, akashika upande wa pili. "Usivute," akamwambia bintiye. "Zungusha kwanza." Wakazungusha, wakavuta, ukatoka. Wakaulaza kwenye nyasi taratibu, maandishi juu.

Fanueli akamgeukia Yesaya. "Mchungaji! Utawazuia wanawake wako au huwazuii? Nakwambia kibao kinashuka leo!"

Yesaya akageuka akaondoka kuelekea karakanani. Watu wakaguna. Gwantwa alimwangalia akiondoka, moyo ukamshuka: amenikimbia, akajiambia, nimemuua baba yangu.

Yesaya akarudi na ngazi begani na nyundo mkononi. Hakwenda makaburini. Alikwenda kwenye mlango wa kanisa, akasimamisha ngazi, akapanda, akang'oa misumari ya kibao mmoja mmoja, bila haraka, anaiweka mfukoni kwa sababu ilikuwa misumari mizuri. Akateremka na kibao, akavuka barabara, akamkabidhi Fanueli.

"Jina ni lenu, Mwangalizi. Chukua. Cheti kipo ukutani, nitakuletea."

"Utasali wapi bila jina, mjinga wewe?"

"Palepale nilipokuwa nasali kabla hujanijua. Sasa toka langoni, wageni wanataka kupita."

Fanueli akatoka. Ni vigumu kubishana na mtu mwenye nyundo ambaye amekupa ulichokitaka. Waislamu wakaingia, wakajipanga safu mbele ya kaburi. Waumini wa Yesaya, ambao hawakuwa wamewahi kuona swala ile kwa karibu, walivua kofia wakasimama nyuma kimya, hawajui mikono waiweke wapi. Ilikuwa swala fupi. Ilipokwisha Sabra alikuja, akamkumbatia Roda, halafu akaivuta mikono ya Gwantwa iliyochubuka, akaiangalia.

"La kumsugua kaka yangu sijalisamehe," akasema. "Nitalisamehe nikifika nyumbani. Lakini siondoki kesho. Nitakaa siku tatu niwafundishe kuosha Mwislamu na kumkafini kwa sanda, wewe na mama yako kwa wanawake. Na wewe, mzee Zahoro, utaleta wanaume wawili wajifunze kwa imamu wako, wasiwe na visingizio tena."

Mzee Zahoro akasema wataletwa. Akawaleta kweli, kesho yake asubuhi, mmoja wao akiwa mwanawe wa kumzaa.

Jumapili, mlango ulikuwa na alama nne za misumari na hauna neno. Kati ya waumini sitini na kitu walikuja ishirini na watatu. Yesaya alisimama mbele na Biblia mkononi, asiifungue.

"Kabla ya neno nina jambo," akasema. "Binti yangu juzi alisema hatukujua. Amenisitiri. Yeye hakujua. Mimi nilikuwa upande wa mkono ule. Nilikiona kile kidole vizuri kuliko yeye, na nilijua si mkono. Nilijua mtu yule hakunijibu mimi. Nikaandika mmoja, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuandika sifuri." Akajifuta macho. "Hayo ndiyo. Anayetaka mchungaji mwingine, sitamlaumu."

Gwantwa alitazama mikono yake. Alikuwa amebeba aibu ya kumwita baba yake mkosaji, kumbe alikuwa amemsema vizuri kuliko alivyostahili. Alikasirika mpaka masikio yakawaka.

Roda ndiye aliyesimama. "Umemaliza, Baba Gwantwa?"

"Nimemaliza."

"Basi hubiri. Watu hawajaja kukutazama ukilia."

Yesaya akafungua Biblia, akasoma mstari wa kwanza. Gwantwa alikuwa hajamsamehe, na angechukua muda. Lakini baba yake aliponyanyua macho kutafuta nani atamwitikia, yeye ndiye aliyesema "Amina", kwa sauti, kabla ya mtu mwingine yeyote.